Wimbo wa Mlango, kwa Sauti ya Mzee

Jumapili, Hayes, magharibi mwa London. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile ambayo huioni mpaka uwe umeshalowa. Naandika haraka, kwa hiyo mnisamehe makosa ya kuchapa.

Shemeji yangu Gitau anapenda wimbo mmoja tu duniani. Ni kantri ya zamani, ule muziki wa mashambani wa Wamarekani: dereva wa lori yuko njiani usiku, anamsihi mkewe asifunge mlango. Aliusikia redioni akiwa mtoto kule Molo, Kenya, na hapa London ameukusanya kwa sauti za wanamuziki wote anaowajua waliowahi kuurekodi.

Mimi ni karani wa mizigo karibu na uwanja wa ndege. Kutwa nalinganisha karatasi na kilichomo ndani ya masanduku. Tangu nihamie kwa dada yangu Wambui na mumewe, nimekuwa nikifanya vivyo hivyo na wimbo: nalinganisha sauti aliyoichagua Gitau na hali yake ya siku hiyo. Akiweka wa yule mzee mwenye fidla, Gitau amekumbuka nyumbani, atapika, atatutania. Akiweka wa yule mwanamke, tunaongea kwa sauti ya chini. Akiweka wa wale vijana wenye ngoma nzito, namwambia dada tuvae makoti, tunapanda basi mpaka Southall na kuzunguka madukani hadi atulie. Ndiyo maana tuna masufuria mengi kuliko chakula cha kuyajaza.

Nilijiona mwerevu.

Leo aliweka wa mzee. Nikasikia fidla, nikashusha pumzi, nikaendelea kupiga pasi blauzi zangu za kazi. Dada alikuwa jikoni anakata sukuma wiki huku akiimba. Yule mwanamke alipourekodi wimbo huu aliongeza ubeti wa mke: mlango uko wazi, lakini mimi sipo. Dada akauimba huo, juu ya sauti ya mzee, bila kufikiri.

"Unaniimbia mimi hayo?"

"Ni wimbo tu, Gitau."

Kisha kishindo. Nilipofika jikoni Gitau alikuwa amemshika dada nywele, anamgongesha uso kwenye mlango wa kabati, tena na tena, bila haraka, kama mtu anayepigilia msumari. Damu ilikuwa kwenye sukuma. Mzee aliendelea kuimba kwa upole. Bibi jirani, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, alikuwa anagonga ukuta kwa upande wake: "Wewe Gitau! Wacha huyo msichana! Naita polisi saa hii!"

Nilikuwa na pasi mkononi. Sikumbuki kuichomoa.

Akaniona, akacheka. "Karani! Umekuja kunipiga pasi?"

Akamwachia dada, akanikaba shingo. Nikaikandamiza pasi kwenye mkono wake. Harufu ile sitaieleza. Alipiga yowe, akaniachia.

Na mimi sikuiondoa mara moja.

Polisi nimewaambia hivyo hivyo, kwa sababu waliuliza, na kwa sababu sijui kusema uongo bila kutoka jasho. Wamemchukua. Kesho wanataka maelezo yangu kamili kuhusu huo mkono, na naogopa. Naogopa kituo chao, naogopa bosi wangu akisikia, naogopa zaidi jinsi mkono wangu ulivyokuwa imara wakati ule.

Dada ameshonwa juu ya jicho. Tukiwa kwenye teksi tunarudi kutoka hospitali alisema, "Ni mimi, Shiru. Ningenyamaza tu." Nikataka kumkemea. Lakini kichwani mwangu nilikuwa nimeshaanza kuweka kumbukumbu: ubeti wa mke usiimbwe. Nilikuwa narekebisha utabiri wangu, kana kwamba kosa lilikuwa la hesabu.

Hakuna wimbo uliompiga dada yangu. Miezi yote hii nimemfundisha kutega sikio, wakati nilipaswa kumfundisha kuondoka.

Polisi wanasema hata akiachiliwa haruhusiwi kukaribia hapa. Dada amelala kitandani kwangu, uso umevimba hata simtambui. Sasa hivi ameniita.

"Shiru, usiweke mnyororo. Akikuta kumefungwa atakasirika zaidi."

Ni maneno ya yule dereva wa lori, nimewaza, na dada yangu ndiye anayeyasema.

Nimeweka mnyororo. Nimeweka na komeo. Kisha nimepanga nyuma ya mlango masufuria yote ya Southall, moja juu ya jingine, ili yeyote akiusukuma, mtaa mzima usikie. Nilipomaliza, dada alichungulia kutoka chumbani, akacheka kidogo, akashika mshono wake.

"Hayo makubwa ya chini tutayaacha," amesema. "Hayaingii kwenye begi."

Sijamwambia chochote kuhusu begi. Nimekwenda kulitoa chini ya kitanda kabla hajabadilisha mawazo.