Banda Lililo Chini ya Kisima

Jumapili, mchana. Mawingu mazito tangu asubuhi, na mvua bado haijaamua.

Wewe unayesoma, nakuomba kabla ya yote: haya yabaki kwako. Usitoe hata neno moja, hasa kama unafahamiana na mtu wa ofisini kwetu. Huko wananijua kwa mashati yaliyopigwa pasi, na kwa tabia yangu ya kurudi kuhakikisha kama kabati limefungwa. Hawajui kwamba kuanzia usiku wa leo mimi ni mlinzi wa nguruwe.

Wala usimwambie mtu kwamba naogopa. Nyumbani wanajua, lakini nyumbani ni nyumbani.

Tuna shamba dogo upande wa Bangboka, mbele kidogo ya pale ambapo vijana wa toleka hugeuza baiskeli zao za abiria na kukwambia umalizie kwa miguu, matope yamezidi. Tunaishi watatu: baba yangu, ambaye namwita papa, mimi, na Koko Mariamu, mama yake marehemu mama yangu. Papa ni Mkristo wa Maniema, alifanya kazi kwenye mashua za mtoni mpaka mgongo ukakataa. Koko ni Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini. Mama alipoolewa na papa yalisemwa mengi pande zote mbili. Alipofariki, Koko alikuja kunilea, na papa hajawahi kumfanya ajione mgeni.

Sasa papa anataka kufuga nguruwe. Jike mwenye mimba, analetwa leo hii.

Mpaka juzi wanyama wetu walikuwa wakilala wanapotaka: mbuzi kwenye ukuta wa jikoni, bata popote. Papa aliniambia nipange mabanda yote upya, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nilifurahi, nakiri. Banda la mbuzi nililiinua juu ya miti, sakafu ya mianzi yenye nafasi ili mavi yaanguke chini na kwato zibaki kavu, na upande unaopigwa na upepo wa mvua nikauziba. Bata nikawaweka karibu na tunapooshea vyombo.

Nguruwe ndiye aliyeninyima usingizi.

Papa alimtaka nyuma ya jikoni, karibu na dirisha lake, kwa ajili ya wezi. "Muizi ya huku iko na akili," aliniambia. "Anapatia nguruwe pombe kwanza. Ikilewa, anaibeba kama mutoto, hata kulia hailie." Ni kweli, jirani alipoteza wake namna hiyo. Lakini nyuma ya jikoni ardhi inateremka moja kwa moja hadi kisimani, na kisima hicho ndicho Koko anachotekea maji ya udhu. Hapa kwetu mvua hainyeshi kwa adabu. Kila ikinyesha, uchafu wote wa banda ungeshukia kwenye maji yake.

Koko hakugombana. Alimsikiliza papa, akaendelea kuchambua sombe yake, majani ya muhogo, jani moja moja. Baadaye, bila kuinua macho, alisema tu: "Yanonge kuko dada yangu. Pirogi haikosekanake."

Papa alijifanya hakusikia. Mimi nilielewa: angepanda mtumbwi, ahamie kwa dada yake.

Wengine labda wangemwambia papa hapo hapo kwamba banda lihamishwe. Mimi nilizunguka na maneno hayo mdomoni kama mtu aliyeng'ata chakula cha moto. Papa si mtu wa kupangiwa na mwanawe, na mimi hata kumwomba chumvi hunichukua muda. Jana asubuhi nikachukua kamba, nyundo na vijiti, nikashuka chini ya kisima, ng'ambo ya michikichi, mahali ambapo maji huenda kijitoni bila kugusa chochote chetu. Nikapima, nikapiga vijiti mwenyewe, kwa sababu nilitaka pembe ziwe sawasawa. Kisha nikamwita papa.

Nilimweleza mteremko. Nilimweleza upepo, kwamba harufu haitafika mlangoni kwa Koko wakati wa sala. Yote hayo niliyasema vizuri. La mwisho halikutoka vizuri: kwamba Koko akipanda pirogi, mimi sijui nitaishije.

Papa alizunguka vile vijiti taratibu, mkono kiunoni.

"Bon. Ni nani alipiga hivi vijiti?"

"Ni mimi, papa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mgongo.

Nilikuwa nimesahau! Kwa watu wa papa, anayepiga kijiti cha kwanza cha banda ndiye anayelala kando yake mpaka mnyama azoee mahali. Kila mtoto wa kwao anajua, na mtu mwerevu humwachia mwingine nyundo. Mimi nilikuwa nikiangalia pembe.

"Donc, karani, njo weye mulinzi," papa alisema. "Na shati yako ya pasi. Muizi atazani ni ministre iko analala pale."

Koko alikuwa amesimama juu, karibu na kisima. "Muache!" alipaza sauti. "Ule mutoto anaogopaka hata chura!"

"Mama, chura nayo itamuzoea!" papa akamjibu mkwe wake.

Wakacheka wote wawili, Koko juu, papa chini, mimi katikati na nyundo mkononi. Nyumbani kwetu sikuwa nimesikia vicheko vyao viwili kwa pamoja tangu habari ya nguruwe ianze. Ningepiga vijiti shamba zima kwa ajili ya sauti ile.

Leo hakuna aliyetaja Yanonge.

Papa amenijengea kibanda kando ya banda, kwa mgongo wake ule ule mbovu. Kitanda amekiinua juu kuliko nilivyoomba. Hakusema ni kwa sababu ya nyoka, na mimi sikuuliza. Ameezeka mwenyewe, akaketi ndani kuona kama panavuja, akatoka akasema kiko kizuri kuliko ofisi yangu.

Koko hawezi kushuka huku, na sitamwomba. Mnyama huyo hamtaji hata jina. Husema "wale wa kule chini," kama watu wa ukoo wenye tabia mbaya. Lakini mchana huu aliniita kisimani, akanipa kifuniko cha sufuria yake ya zamani na kijiko. "Ukiogopa, piga," akasema. "Miye naamukaka mbele ya alfajiri. Nitasikia."

Nasema asante kwa papa, ambaye angeweza kukataa. Nasema asante kwa Koko, anayekubali kukesha kwa ajili ya mlinzi wa kitu asichoweza kukitazama. Mama angecheka.

Bado naogopa. Banda lina komeo moja na nimeshalijaribu mara nyingi. Kule barabarani nasikia pikipiki, nadhani ndiyo wanamleta.

Kwa hiyo, ukinihitaji kuanzia leo, usinitafute kwa dirisha la chumba changu. Ukifika pale toleka zinapogeukia, fuata njia ya miguu hadi nyumba yenye mbuzi walio juu ya miti. Muulize Koko, ila usiseme "nguruwe." Sema unamtafuta yule aliye na wale wa kule chini, naye atakuonyesha kwa kidevu. Pita kisima bila kutia mguu majini. Ukifika kwenye michikichi, simama, taja jina lako kwa sauti, na ungoje nikujibu. Usipige mluzi, tafadhali.

Na ukisikia kifuniko kinalia, njoo na taa. Utamkuta papa amekwisha kufika.