Alhamisi Bila Padre Ludovico

Nahlaot, Yerusalemu
Jumapili, 17 Februari 2019

Mpendwa dada Perla,

Shalom, na pole na joto la huko Montevideo. Magoti yanaendeleaje? Shemeji bado anakwepa dawa zake? Mwambie nimesema aache utoto. Mimi mwili hauna neno, ni kikohozi tu cha baridi.

Nimebaki peke yangu, dada. Padre Ludovico amefariki Jumanne. Ni yule Mwitaliano niliyekuwa nikisoma naye maandiko kila Alhamisi, miaka kumi na saba, hapa hapa mezani kwangu.

Tulikuwa tukibishana mpaka chai inapoa. Mara ya mwisho tulisoma magombo ya wale wazee wa kale waliongoja Masihi wawili, kuhani wa ukoo wa Haruni na mfalme wa ukoo wa Daudi. Akanitania, "Elazar, wewe kuhani, Masihi wa Haruni ni wa kwenu. Huyu wa Daudi unamng'ang'ania wa nini? Niachie mimi." Nikamwambia, "Wako alishakuja, wangu bado. Nyamaza tusome." Alicheka hadi akapaliwa. Hakuwahi kunivuta kwake, wala mimi kumvuta kwangu.

Kwenye maziko sikuingia kanisani. Unajua sisi makuhani hatukai na maiti chini ya paa moja, ila akiwa ndugu wa damu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, mvua ikininyeshea, jeneza likapita. Niliumia sana.

Alhamisi nikajaribu kusoma mwenyewe. Nikauliza, nikajijibu, nikakubaliana na mimi. Nikafunga kitabu.

Sasa nina jambo la aibu. Unakumbuka Baba akinifundisha maandiko, akaniuliza swali, wewe ukajibu kutoka mlangoni, sahani mkononi? Akakurudisha jikoni, eti haya si ya wasichana. Jibu lako lilikuwa sahihi, Perla, nami nililijua, nikanyamaza. Nisamehe.

Nimeweka humu kurasa tulizoishia, mimi na Padre. Nipigie Alhamisi yoyote, saa tano asubuhi ya kwenu. Nitakuwa mezani.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu Marcos na Dorita. Mungu awafunike wote kwa amani yake.

Ukipiga, usinionee huruma. Nibishie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye toka utoto,
Elazar