Neno Alilolisikia Mama

Jumapili, Harrow. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya huku yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Moyo wangu mzito, na sitasingizia hali ya hewa.

Nimemwambia mama. Sijui kama nimemponya au nimemtonesha.

Baba alitoka Unguja baada ya Mapinduzi, akamwacha mama kwao na ndoa bado changa. Hapa London alipata kazi ya kupiga pasi kwenye kiwanda cha nguo cha Waturuki, na ikapita miaka kabla mama hajapata ruhusa ya kumfuata. Waturuki wale waliimba wakifanya kazi. Baba, ambaye sauti alijaaliwa, akauokota wimbo wao mmoja, na mama alipofika aliukuta mdomoni mwake. Kituruki mama hakijui. Alichosikia kila mwisho wa ubeti ni mumewe akivuta sauti: hasara, hasara.

Mtu kakuleta Ulaya, kwenye chumba kimoja cha baridi, halafu anakuimbia hasara! Mama ni mtu wa kununa, si wa kuuliza. Alimwambia tu kwamba wimbo ule asiuimbe ndani ya nyumba yake, na baba hakupenda ugomvi. Mimi niliusikia garini. Tukikaribia nyumbani alikuwa akiukata katikati.

Mama alinitolea ya moyoni mwaka huu, eda ya baba ilipokwisha. "Babaako alinioa, lakini aliniona hasara. Kaniimbia mwenyewe." Nilimwambia haiwezekani. Akanitazama kama mtoto anayeingilia ya wakubwa, nikanyamaza.

Jana nilikwenda kuchukua mapazia kwa Orhan, fundi cherehani wa Kituruki hapa mtaani. Sijui nini kilinisukuma, nikamwimbia kipande kidogo. Akaweka pasi pembeni. Alisema ni wimbo wa zamani wa vijijini kwa bibi yake. Mwashi mmoja alioa, na kabla hina haijafutika mikononi mwa bibi harusi, akaenda mji wa mbali kutafuta kazi. Akafia huko huko. Wenzake walirudi kijijini na wimbo aliokuwa akimwimbia mkewe kila alipopanga jiwe juu ya jiwe.

Na neno lenyewe ni hasret. Ni ile hamu ya umpendaye aliye mbali, inayokukaa kifuani mpaka chakula hakipiti.

Nililia pale pale, mapazia mkononi.

Njiani nikawaza, nimwambie ya nini? Amekwisha kuzoea kuamini kwamba hakupendwa. Nikimwambia alipendwa, atajua pia kwamba yeye ndiye aliyemfumba mdomo mtu aliyekuwa akimpenda. Halafu, niwe mkweli, sina hakika kama hamu ile ilikuwa ya mama peke yake. Baba hakurudi Unguja hata siku moja. Pengine aliwaimbia wote wawili, mkewe na kwao.

Lakini kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa.

Basi leo baada ya chakula cha mchana nikamweleza yote: mwashi, hina, hasret. Mama akashika kitambaa cha meza akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sasa mbona hakunambia?"

"Na wewe mbona hukumuuliza, mama?"

"Nilikuwa mgeni, mwanangu. Mie sina mtu hapa ila yeye. Ningemuuliza, akanambia kweli kajuta, ningekwenda wapi?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Niliona haya kwa swali langu, nikamshika mkono. Machozi yalimtoka bila sauti, na mimi sikuyazuia yangu.

Nilipotulia nikamwomba nimwimbie. Nikaanza vizuri, ubeti wa pili nikaharibu. Mama akatikisa kichwa. "Sivyo. Hapo alikuwa akipandisha." Akaimba mwenyewe, kwa Kituruki cha kubahatisha, ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho, hata vile vipande ambavyo baba hakuwahi kuvifikia garini.

Wimbo mzima haumkai mtu kichwani kwa kuusikia mara mbili. Alisimama nyuma ya mlango gani mama yangu, miaka yote hiyo, akimsikiliza?