Mtaro wa Shangazi Kijakazi

Tahiri, acha unachofanya usome hapa. Mtaro wa Shangazi Kijakazi tumeukosa, na mimi ndiye niliyetukosesha.

Leo kilikuwa kikao cha kupanga bajeti ya ujenzi ya jiji. Kila mtaa msemaji mmoja, dakika tano. Sisi tulimchagua Shangazi, maana masika maji humwingilia mpaka uvunguni mwa kitanda. Nikamwambia, "Shangazi, niachie mimi. Hawa watu hulainishwa kwa mashairi."

Akaniachia!

Sasa wewe unajua, shairi la heshima haliingii mtaroni moja kwa moja. Nikaanza na dua. Nikawasalimu wakubwa. Nikausifu uongozi, nikazisifu taa za barabarani. Ukumbi mzima, "Rudia hapo!" Nikarudia. Wallahi, ningeachaje?

Kengele ikalia. Mtaro ulikuwa kwenye ubeti wa tisa. Nilikuwa nimefika wa sita.

Mhandisi wa jiji akasimama, anatabasamu: "Tumepokea shukrani za mtaa huu. Wameridhika. Mtaa unaofuata!"

WAMERIDHIKA, Tahiri! Mimi, nimeridhika!

Akainuka Methusela, yule jirani yetu wa mtaa wa pili: "Sisi tunaomba mtaro." Akakaa. Wakampa.

Tulipofika mlangoni kwake, Shangazi akauliza, "Huo ubeti wa tisa ni mzuri?"

"Ndio mzuri kuliko yote, Shangazi."

"Basi masika uje uusome humu ndani. Na ndoo uje nayo."