Baba Yangu Hakuwa Sikio la Mwingereza

Mpendwa Baba,

Nakuandikia hadharani, mbele ya kila anayesoma Kiswahili katika mji huu, kwa sababu umesemwa hadharani. Wewe ulikuwa mtu wa kunyamaza. Ukisemwa, ulishusha kofia yako kidogo ukaendelea na njia yako. Mimi sikurithi hilo. Kwako nimechukua pua na magoti mabovu, lakini ulimi nimeupata kwa Mama, na leo nautumia.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Hounslow? Ndege zikipita juu ya paa, vikombe vinalia kabatini. Unarudi kutoka uwanja wa ndege, kwenye shifti ya kupakia mizigo, unavua viatu mlangoni, unasema "Hodi wenyewe," kana kwamba umekuja kututembelea. Mtu aliyekuwa karani wa tai na shati lililonyooshwa kule Unguja, sasa anabeba masanduku ya watu wanaokwenda likizo. Sikuwahi kukusikia ukiilalamikia mikono yako.

Jumamosi ulinichukua mpaka Rayners Lane, kwa yule Mhindi wa Darajani aliyefungua duka karibu na stesheni, kununua bamia na nazi. Mlikuwa mnatukanana kwa Kiunguja safi na Wazungu wamepanga foleni nyuma yetu.

"Mwizi wewe tangu Darajani!"

"Na wewe bahili tangu Malindi!"

Mnacheka mpaka mnakohoa. Halafu kwenye treni ya kurudi, kapu likiwa katikati ya miguu yako, ndipo uliponihadithia mambo ya Ghuba, kule Uarabuni. Kidogo kidogo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Ndiyo maana nayajua.

Ulikwenda kule ungali kijana, kabla ya Vita vya Pili, kumtazama ami yako aliyekuwa na duka la nguo. Mji mdogo wa pwani, nchi ya shekhe mmoja ambaye Waingereza walisema yuko huru, ila hakuweza kupokea mgeni bila wao kujua. Vita vikaanza, meli zikawa za shida, ukakwama. Ulikuwa na Kiingereza cha skuli na Kiarabu cha nyumbani, na Mwingereza aliyewekwa pale kumwangalia shekhe alikuwa anatafuta mkalimani. Ulimwita Kapteni. Jina lake jingine sikupata kulisikia kinywani mwako.

Ukalimani wenyewe ulikuwa kidogo. Alichotaka hasa Kapteni ni kujua. Nani kaingia barzani kwa shekhe na nani katoka amenuna. Mchele unauzwaje sokoni. Watu wanasema nini juu ya vita, na wanasikiliza redio ya wapi. Wewe ulikwenda, ukakaa, ukasikiliza, ukarudi ukamweleza. Siwafichi wanaosoma barua hii, kwa kuwa wewe hukunificha mimi: ulimweleza.

"Mwanzo nilidhani nafanya jema," uliniambia treni ikipita Sudbury. "Mchele wa Bara Hindi ulikuwa hauji. Watoto wanakula tende na dagaa, siku nyingine tende peke yake. Nikasema, huyu mtu akijua, ataleta chakula."

"Akaleta?"

"Alijua. Kuleta ni jambo jingine."

Palikuwa na muuza kahawa, Mubarak, mzamia lulu wa zamani. Bahari ilimharibia sikio moja, kwa hiyo redio yake aliifungulia sauti mpaka msikitini wanasikia. Jioni moja akatia Berlin, matangazo ya Kiarabu. Mtangazaji akawa anawakejeli Waingereza, anaigiza wanavyoongea, na watu wale wenye njaa, waliosimama tangu asubuhi na kadi za mgao na kurudi na vikapu vitupu, wakacheka. Walicheka kicheko cha kushika mbavu. Na wewe ukacheka, kahawa ikakutoka puani.

Asubuhi yake Kapteni alikuwa ameshapata habari.

"Ilikuwa kwa muuza kahawa yupi? Nani walikuwapo? Nani waliocheka?"

"Watu walicheka, bwana."

"Nataka majina."

"Mimi nilicheka. Andika langu."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Hawa wana njaa, na mwenye njaa akipata cha kuchekea anacheka. Jina la mtu mwingine sikupi."

Hukupewa hata nafasi ya kumaliza chai. Ulipakiwa kwenye meli ya kwanza iliyokuwa inaelekea kwetu. Na wiki hiyohiyo wakamchukua Mubarak, redio yake ikabebwa, mlango ukatiwa kufuli. Akapelekwa kisiwa cha mbali, na hakuna aliyejua mwisho wake. Watu wakajumlisha. Mkalimani katoweka, muuza kahawa kachukuliwa: basi huyu kamuuza yule. Ami yako, ndugu wa damu wa baba yako, hakuja kukuaga. Hilo ulinieleza ukitazama nje dirishani, na mimi nikatazama bamia.

Unguja ulioa, ukanizaa, ukafanya kazi yako. Halafu mapinduzi. Tukatoka na sanduku moja, na Bibi, mama yake Mama, akabaki kwa kuwa alikuwa mgonjwa na tukasema atatufuata hali ikitulia. Haikutulia. Kila mwaka Mama aliomba aletwe, na kila mwaka aliambiwa asubiri.

Nilikuwa na miaka kumi na sita siku Kapteni alipogonga mlango wetu.

Unajua kwamba mimi ndiye niliyefungua. Mzee mrefu, koti la mvua, bati la biskuti mkononi. Alinisalimu kwa Kiarabu. Ulitoka chumbani na soksi, ukamwona, ukasimama.

"Kapteni," ulisema.

"Hujazeeka," alisema yeye, na wote wawili mlijua ni uongo.

Nilileta chai nikakaa pembeni, na hakuna aliyenifukuza. Alizungumza sana juu ya joto la kule, juu ya shekhe, juu ya samaki. Kisha akauliza, kwa upole uleule: "Nasikia Jumapili nyumba yako hujaa."

"Ni nyumba ya Waswahili. Wageni hawakosi."

"Nina marafiki wangependa kujua wageni hao wanazungumza nini. Nani anataka kurudi kwenu kwa nguvu, nani anaandikiana na nani. Si jambo kubwa. Ni kazi uliyoizoea."

Kapteni akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwishayeyuka.

"Nasikia pia mama mkwe wako ni mgonjwa kule. Ruhusa yake ya kuja inaweza kupatikana. Mwezi huuhuu."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, unga wa chapati mpaka kwenye viwiko. Niliuona uso wake, Baba. Sijapata kuona uso umejaa matumaini namna ile, na ninaomba nisiuone tena. Wewe ulimtazama yeye kwanza, kwa muda. Kisha ukamgeukia Kapteni.

"Hapana."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu siku ile ulipotaka majina."

Kapteni akacheka kidogo, akaweka kikombe chini. "Unajua, jina la yule muuza kahawa tulilipata asubuhi ileile, kwa mtu mwingine. Ulipoteza kazi yako bure."

"Si bure," ulimwambia. "Hukulipata kwangu."

"Hutaki kumjua aliyelitoa? Huenda unamnywesha kahawa hapa."

"Usinitajie!" Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukipandisha sauti kwa mgeni. "Ndani ya nyumba hii halitajwi jina la mtu kwa namna hiyo."

Kisha ukamletea koti lake ukamvisha, kwa sababu alikuwa mzee na bega lake lilikuwa gumu, ukamrudishia na bati lake la biskuti. Nilisimama dirishani nikamtazama mpaka akapinda kona. Nilitaka kumtupia kitu. Sikujua bado kwamba wewe ulikuwa umeshamtupia ile hapana yako.

Mama alingoja mlango ufungwe.

"Mama yangu, Baba Zuhura."

"Najua."

"Mama yangu mzazi."

"Najua, Mama Zuhura."

Akarudi jikoni akazipika chapati zote, moja baada ya moja, na hakula hata moja. Akahamia kulala chumbani kwangu mpaka miti ya mtaa ikapukutika. Bibi alifariki Unguja mwezi wa Ramadhani uliofuata. Tulisoma hitima sebuleni, tumejipanga ukutani mpaka kwenye ngazi, na Mama alipokea pole za watu akiwa amekupa mgongo. Wewe ulikwenda bafuni ukafungua bomba. Nilikuwa ngazini, Baba. Bomba halikutosha.

Hukuwaeleza watu wa Jumapili kwamba Kapteni alikuja. Walikuja, wakanywa kahawa, wakabishana juu ya Unguja kana kwamba iko nyuma ya kituo cha basi, wakarudi makwao wakalala salama. Miaka kwa miaka. Mpaka tukakuzika.

Sasa nikueleze yaliyotokea Ilford.

Ilikuwa harusi ya mjukuu wa rafiki yako. Ukumbi mkubwa, pazia katikati, lakini wazee waliwekwa pamoja karibu na hita, wanaume na wanawake, kwa ajili ya baridi. Nilikuwa nimekaa na Mama. Kijana mmoja akamuuliza mzee wa meza ya pili yule marehemu wa Hounslow alikuwa nani hasa. Mzee huyo simtaji jina, wewe hukunilea kutaja majina. Alikuwa mmoja wa watu wako wa Jumapili, na utotoni aliishi Ghuba.

"Yule?" akasema, mdomo umejaa biriani. "Yule alikuwa sikio la Mwingereza kule Ghuba wakati wa vita. Kachero. Mkahawa wa watu ulifungwa kwa ajili yake."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Mama akanishika mkono, akaninyamazisha kwa macho. Akaweka kijiko chini.

"Rudia," alimwambia.

"Ala, bi mkubwa, sikujua kama upo hapo."

"Sasa unajua. Rudia."

"Ndiyo yanayosemwa tu, dada yangu."

Mama akasimama. Unajua siku hizi kusimama kwake ni kazi. Alijishika kwenye meza, bakuli za achari zikacheza, na ukumbi ukaanza kunyamaza kutoka kwetu kwenda mbele, mpaka mpiga video akageuza kamera.

"Basi na hili nalo lisemwe," alisema. "Yule Mzungu alikuja mpaka nyumbani kwangu. Alitaka majina yenu. Wewe ulikuwa unakunywa kahawa yangu kila Jumapili, na lako lingekuwamo. Malipo yake yalikuwa kuletewa mama yangu. Lau mume wangu angekuwa kachero, mama yangu angezikwa hapa, na mimi ningekuwa na kaburi la kwenda kulisomea. Nina kaburi mimi? Nijibu. Nina kaburi?"

Yule mzee alitazama sahani yake. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anakijibu kwa Kiingereza, akaniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli. Nikamwambia kwa Kiswahili: nilikuwapo, chai nilileta mimi.

Kesho yake simu hazikukatika. Tumstahi mzee. Tusiyafukue ya zamani. Harusi ya watu imeingia doa. Mwingine akaniambia siku hizi habari hizo zinaweza kutafutwa, tumtafute aliyemtaja Mubarak tumwaibishe yeye. Huyo nilimkatalia. Ulisema ndani ya nyumba yako halitajwi jina, na mimi bado ni wa nyumba yako. Lakini kunyamaza nako nimekataa. Atakayesema tena kwamba baba yangu alikuwa kachero, namwalika Hounslow, mchana, mlango uko wazi na Mama yupo. Aje amwambie yeye.

Basi, Baba. Siku ile ya harusi nilimrudisha Mama nyumbani kwa gari yangu. Tulipofika taa za Gunnersbury akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mimi bado sijamsamehe," alisema.

"Mama! Baada ya yote uliyoyasema pale?"

"Yale niliwaambia wao. Mimi na baba yako tuna yetu. Nitamkuta huko aliko, tutagombana, na itakuwa ndefu." Akavaa miwani yake. "Lakini kachero hakuwa. Na mtu asimguse."

Nakuaga hapa. Mungu akupumzishe, na jiandae.

Ni mimi mwanao,
Zuhura