Kadi Mbili za Kaka Anaeli

Shikamoo mama mshauri, naomba unisikilize na unisamehe nikiandika kwa hasira, mimi ni Dafroza, nina miaka ishirini na sita, naishi Soweto hapa Moshi, na mimi na kaka yangu mkubwa Anaeli tuna chumba cha kuchezea gemu Bomang'ombe, sasa mwaka huu tukataka laptopu ya gemu ya kwenda nayo kwenye mashindano, muuzaji akatutolea mbili, moja ina kadi mbili za picha, nyingine ina kadi moja lakini mpya zaidi, nikazijaribu zote kwa gemu yetu ile ya magari, ya kadi mbili ikapata moto huwezi kuipakata, feni inanguruma kama mashine ya kusaga, na picha inakwamakwama kwa sababu gemu yenyewe inatumia kadi moja tu, ya pili inakula umeme bure, lakini ile ya kadi moja ikaenda laini kabisa, nikamwambia, "Kaka, tuchukue hii," akanijibu mbele ya watu, "Mbili ni mbili, wewe nani kakufundisha kompyuta?" Akanunua ya kadi mbili.

Jumamosi tukaipeleka kwenye mashindano mjini Mkuu, ukumbi umejaa, tuko fainali, ikapata moto ikajizima. Watu wakazomea, na mimi, sikufichi, nikacheka. Kaka akatangaza kwamba nimeichokonoa makusudi ili nimwaibishe, na sasa mama na baba mdogo Eliufoo wameitisha kikao wanataka nikiri na kuomba radhi. Sikuigusa! Sikiri, hata wakinitenga. Je, nakosea?

*

Marahaba, Dafroza. Kuhusu mashine hukosei, na usikiri. Ukikiri hili, kila kitakachoharibika nyumbani kwenu kitakuwa chako.

Lakini kucheka, binti! Kaka yako anazomewa na ukumbi mzima, wewe mshirika wake unaonyesha meno? Hapo uliumiza mtu, na nadhani unajua.

Basi usingoje kuburutwa kikaoni, nenda mwenyewe. Sema wasikie wote: "Kaka, nisamehe kwa kucheka. Kuiharibu mashine, sikuiharibu." Kisha iwashe hapo hapo mezani, cheza gemu ile ile, mama aweke mkono wake asikie joto. Halafu zima kadi ya pili kwenye mipangilio, ucheze tena, baba mdogo aone tofauti kwa macho yake.

Anaeli akiendelea kukusingizia baada ya hapo, gawaneni vifaa ukafungue chumba chako. Siku ya kununua mashine, nenda peke yako, ijaribu mpaka uridhike, na usimwombe mtu ruhusa.