Siku Mbili Chini ya Paa Moja na Mkwe Wangu

Mtaa wa Kaloleni,
Kisumu.
19 Agosti 2025.

Mpendwa kaka Wechuli,

Pokea salamu tele kutoka huku kwetu ziwani. U hali gani, na mgongo unaendeleaje? Wifi yangu Naswa naye, sukari yake imetulia? Mimi ni mzima kabisa. Goti la kushoto hunisumbua mvua ikikaribia, lakini bado linanifikisha sokoni Otonglo kila asubuhi na kunirudisha, na maharagwe yangu bado yanakwisha kabla ya ya wenzangu. Mungu ni mwema.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimefanya makusudi. Kwenye simu wewe huniachia sentensi moja tu, kisha unaanza kunihutubia. Karatasi haikatizwi maneno. Mathews, mtoto wa Mama Dorca wa kanisani, anarudi huko kwenu ng'ambo, Edmonton, Ijumaa, naye ndiye atakayekukabidhi. Keti, vaa miwani, usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Jambo lenyewe unalijua. Valarie wangu anatarajia kujifungua mtoto wa pili Oktoba, na ameniomba nikakae naye Nairobi kuanzia Septemba mpaka mtoto atimize miezi miwili. Wewe ulikataa. Ulisema mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa bintiye, na kwamba nikilala kwa Oluoch nitaingiza balaa katika nyumba ya mwanangu. Ulisema kama mkubwa wetu, nami nikanyamaza kama mdogo wako. Sasa nimemaliza kunyamaza.

Unakumbuka mara ya kwanza, alipozaliwa Achola, miaka mitatu iliyopita. Nilikwenda Nairobi, ndiyo, lakini kwa ushauri wako nilikuwa nalala Kayole kwa rafiki yangu wa kanisani, na mwanangu yuko Rongai, upande mwingine kabisa wa jiji. Siku ya nne baada ya kutoka hospitalini, alfajiri, damu ikaanza kumtoka. Oluoch alikuwa safarini Garissa kupima barabara. Valarie alijikokota na kichanga mkononi mpaka mlangoni kwa jirani. Mimi nilipata habari saa tatu asubuhi, nikinywa chai ya watu na mkate uliopakwa siagi. Sijawahi kukwambia hili, kaka, lakini nilijilaumu sana, na wewe pia nilikulaumu.

Basi mwezi huu Oluoch akaja na ujanja wake. Aliona kwamba mimi silali kwake naye halali kwangu, lakini hoteli si kwake wala si kwangu. Akakodi vyumba kwa siku mbili katika ile hoteli kubwa iliyojengwa mlimani, ng'ambo ya ghuba upande wa Mbita, ili Valarie akae na mama yake japo kidogo. Ujumbe ulinifikia kupitia Valarie. Katika miaka sita ya ndoa yao yule bwana hajawahi kunisemesha moja kwa moja, hata tukiwa tumesimama hatua tatu. Humwambia mkewe, mkewe huniambia, nami hujibu kwa njia hiyohiyo. Ni kijana mwenye adabu, siwezi kumkosoa.

Ndani ya gari nilikaa nyuma yake kabisa tusionane kwenye kioo. Tulipofika Otonglo nikamwambia Valarie amwambie mumewe apunguze mwendo, maana wanawake wenzangu wa sokoni walikuwa wamepanga magunia kando ya barabara na nilitaka wanione vizuri. Walinipigia vigelegele. Sioni aibu kukwambia kwamba nilipunga mkono kama mke wa gavana. Halafu tukavuka kwa feri.

Kaka, ile hoteli ni kitu kingine. Nyumba zimejengwa zikishuka mlimani, moja chini ya nyingine, kama ngazi za jitu, mpaka kwenye mchanga wa ziwa. Kile walichotupa, wao hukiita switi. Usidhani ni chumba. Ni nyumba nzima: sebule, vyumba viwili vya kulala, kimoja juu na kimoja chini, na kila kimoja kina bafu lake lenye beseni la kuogea ambalo unalala ndani yake ukiangalia ziwa. Mlango hufunguliwa kwa kadi. Kadi hiyo hiyo unaichomeka ukutani, ndipo umeme unawaka. Mimi sikuambiwa. Nilipoiona imeachwa ukutani niliichomoa nikaifunga kwenye kitambaa changu isipotee, na taa zote zikazimika, na feni, na friji. Nikamwambia Valarie kwamba hata kwa matajiri stima hupotea.

Lakini kabla ya hayo tulipata aibu moja. Tulipofika kwenye ile switi nikaona mlango mmoja, sebule moja, na paa moja juu ya vyote. Oluoch naye akaona. Alikuwa amedhani switi ni vyumba viwili mbalimbali, kila kimoja na nyumba yake. Mimi nikabaki kwenye nyasi na begi langu na sufuria ya viazi vitamu niliyobeba, maana chakula cha hoteli sikijui. Oluoch akarudi kwenye gari akasema anaangalia magurudumu. Aliyaangalia karibu saa nzima. Mwanangu mjamzito na Achola wakawa ndani peke yao katika jumba lote lile.

Valarie akatoka barazani. "Mama, si mniambie tu," akasema, "hizi pillow zote kumi ni za mimi na Achola?" Akacheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka machozi. Nilimwona analia na sikuweza kupanda ngazi tatu kumfikia.

Aliyetuokoa ni mtu wa mapokezi, bwana mmoja wa makamo anayeitwa Opiyo. Alinitazama mimi, akatazama gari, na hakuhitaji kuelezwa. "Ah, huyu ni maro," akasema, yaani mama mkwe kwa Kijaluo. "Mama, usijali. Wewe si wa kwanza. Hii nyumba iko na milango mbili. Ya juu iko kwa barabara, ya chini iko kwa bustani. Ngazi ya ndani tunafunga. Wewe uko kwako, yeye ako kwake."

Akanizungusha nje kupitia bustani, na kweli, mlango ulikuwapo, umejificha nyuma ya maua. Akafunga mlango wa ngazi ya ndani kisha akanipa ufunguo mimi, si Oluoch. Nikajiambia mlima umetufanyia wema, umeigawa nyumba moja ikawa mbili. Usiku wa kwanza nikalala, na nilalavyo mimi unajua, hata radi hainiamshi. Asubuhi nikaingia kwenye lile beseni nikakaa mpaka vidole vikakunjamana.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya pili, saa tisa alasiri. Oluoch alikuwa ameshuka kuogelea. Mimi nilikuwa nimejilaza bustanini, miguu juu, nakula viazi vyangu, maana shaka yangu kuhusu chakula chao ilikuwa ya kweli: kizuri kwa macho, hakijazi tumbo. Nikasikia kishindo juu, kisha Achola akalia, "Mama ameanguka!"

Sikukumbuka goti. Nilipanda ile ngazi ya ndani, nikafungua kwa ufunguo wangu, nikapita katika chumba cha kulala cha mkwe wangu bila kubisha. Valarie alikuwa kwenye sakafu ya bafu, macho yamegeuka, mkono juu ya tumbo. Na wakati huohuo Oluoch, aliyesikia kilio akirudi kutoka kuogelea, akaingia kwa mlango wa juu akikimbia, maji yanamchuruzika, amejifunga taulo tu kiunoni. Tukatazamana. Mimi na kanga moja bila kitambaa kichwani, yeye na taulo. Unajua ilivyo kwetu, na kwao ni vivyo hivyo. Hapo kila mmoja alipaswa kukimbia upande wake na kutafuta mbuzi wa kutakasia.

Nikamwambia, "Shika miguu!"

Hayo, kaka, ndiyo maneno yangu ya kwanza kwa mkwe wangu tangu amwoe mwanangu. Naye akajibu, "Sawa, Mama." Tukamnyanyua pamoja, mimi mabega, yeye miguu, tukamlaza kitandani. Oluoch akapiga simu mapokezi, Opiyo akaja na muuguzi wa hoteli mbio. Presha ilikuwa imeshuka. Kumbe mwanangu hakuwa amekula tangu asubuhi kwa kichefuchefu, na jua la siku ile lilikuwa kali. Mtoto tumboni alikuwa anacheza salama. Tulipita kwa daktari hapa Kisumu siku iliyofuata, naye akasema hivyo hivyo, lakini akaongeza kwamba safari hii asiachwe peke yake hata siku moja.

Valarie alipolala, nilijifunga kitambaa vizuri nikakaa kwenye kiti cha barazani. Oluoch akaja amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote mpaka shingoni, katika joto lile. Akasimama mlangoni akitazama viatu vyangu. Hakumtafuta mtu wa kumpelekea ujumbe.

"Mama," akasema, "Oktoba mimi niko site, hawanipi off. Sitaki kumpata tena kwa sakafu. Kuja ukae na yeye. Kama kuna makosa, wacha ikuje kwangu."

Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba ana makunyanzi ya mtu asiyelala vizuri, na kwamba ni kijana mdogo kuliko nilivyodhani. Nikamjibu, "Haitakuja kwako wala kwangu, mwanangu. Nitakuja." Siku hiyo sikuufunga mlango wa ngazi, na nililala vizuri kama siku ya kwanza.

Nimelitafakari jambo hili tangu nirudi, usidhani nimelewa starehe za hoteli. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliishi katika nyumba za chumba kimoja, kikohozi cha huyu kinasikiwa na yule, kwa hiyo heshima wakaiwekea umbali. Mimi siudharau mwiko wao. Lakini siku ile mbele ya lile bafu nilikuwa na heshima yangu yote, na Oluoch alikuwa na yake yote, hata ndani ya taulo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na lisilo budi hutendwa.

Na wewe, kaka yangu, unalala wapi? Tangu mwaka juzi unalala katika chumba cha chini nyumbani kwa mume wa binti yako Nabututu, kwa sababu baridi ya huko haina mchezo. Nilipoambiwa sikusema neno. Nilifurahi kwamba una mahali penye joto na binti wa kukupikia uji. Iko methali moja ya nyani ambayo sitaiandika hapa, maana wewe ni mkubwa wangu.

Habari nyingine ni chache. Miwa ya binamu yetu Calvince kule Muhoroni hatimaye imekatwa, baada ya kungoja matrekta mpaka akakonda kuliko miwa yenyewe. Jikoni kwangu panavuja tena, na fundi ameahidi kuja wiki ijayo, ahadi ya tatu sasa. Kwaya yetu imepata sare mpya za rangi ya zambarau. Zinanipendeza mimi kuliko wengine, hilo limesemwa hadharani. Ndani ya bahasha utaona vipande viwili vya sabuni ya ile hoteli. Kimoja cha Naswa, kimoja chako, na msigombane.

Sasa nimalize. Nitaondoka Kisumu kwa basi tarehe nane Septemba, na tiketi ninayo. Sikuombi ruhusa, kaka, nakuarifu. Ninachokuomba ni kingine, na nakiomba nikiwa nimepiga magoti. Valarie bado anakuogopa. Kila akipanga nije, huuliza kwanza, "Na Mjomba je?" Mpigie wewe mwenyewe umwambie kwa mdomo wako kwamba unambariki yeye na mtoto na nyumba ile. Mimi naweza kulala popote bila baraka yako, lakini yeye hawezi kuzaa kwa amani bila hiyo.

Nisalimie Naswa sana, na Nabututu na mumewe, umwambie mumewe ahsante kwa kukutunza. Wabusu wajukuu wote. Mungu aliyetuvusha utoto wetu wa njaa akuongezee siku, akunyooshe mgongo, na akulainishe moyo kidogo tu, panapohitajika.

Ukiniandikia, usitume tena Kaloleni. Kuanzia tarehe nane anwani yangu ni nyumbani kwa Oluoch, Rongai, mlango wa pili kutoka chumba cha mwanangu.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,

Nangila